Mlango Unaofunguka kwa Ndani

Vijana wa karakana wameniomba niandike machache kabla sijasahau. Nadhani walitarajia nieleze nilivyopanda cheo. Nilikuja nchi hii nikiwa fundi bodi na nimestaafu nikiwa fundi bodi, kwa hiyo sura hiyo imekwisha. Nitaandika juu ya magari tuliyoyaunda, na hasa gari moja, maana kila anayelisimulia siku hizi analitia chumvi yake.

Watu hudhani pikapu huzaliwa kiwandani ikiwa nzima. Nyingi, ndiyo. Lakini nyingine huteremshwa bandarini Jeddah zikiwa kichwa na chesisi tu, kama samaki aliyekwisha kuliwa. Mgongo wake tunauunda sisi. Mmoja anataka ubavu wa mbao wa kubebea kondoo, mwingine boksi la bati la mikate, wa tatu boksi lenye baridi la samaki. Wenyeji huiita pikapu waneti. Kila fundi ana hadithi yake ya asili ya jina hilo, na mimi sijaamini hata moja.

Nilianzia Riyadh. Nilikuwa nimetoka Nakuru, ambako nilichomelea migongo ya pikapu na malori hadi nikajiona najua. Fundi mkuu wa karakana ile alikuwa Ami Awadhi, mzee wa Kihadhrami aliyezaliwa Mombasa na kuondoka huko angali mdogo. Kiswahili chake kilikuwa cha Mvita, cha zamani, na alikitumia pale tu alipotaka wengine wasisikie.

Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya pikapu nyeupe inayong'aa.

“Hebu nambia. Gari hii mpya au kuukuu?”

Nikamwambia ni mpya, inanukia rangi ya kiwandani.

Akatoa mfukoni sumaku ndogo iliyofungwa uzi. Akaiweka kwenye boneti, ikanata. Akaiweka kwenye mlango, ikateleza ikaanguka.

“Hapo si bati hapo,” akasema. “Hapo pana unga. Gari hii imepinduka, ikapakwa huo unga wa puti, ikapakwa rangi, na aliyeileta ameapa haijawahi kugonga hata paka. Mwanangu Barasa, ukitaka kudumu katika kazi hii, usimwamini mtu anayeapa kabla hajaulizwa.”

Tangu hapo sijaishi bila sumaku. Awadhi alinifundisha pia kulala chini ya chesisi na kupima kwa futi, kona moja hadi kona ya mkabala, kisha kona mbili nyingine. Vipimo visipolingana, gari limepata ajali, hata mwenyewe akilia machozi. Alinionyesha pikapu mbili zilizokatwa katikati na kuunganishwa zikawa moja, kichwa cha huyu na kiuno cha yule. Alinisimulia jinsi walivyokuwa wakikata magari kuukuu ya saluni nyuma ya viti vya mbele na kuyageuza pikapu. Maseremala wa Riyadh ndio waliotengeneza mgongo, kwa sababu wao ndio waliokuwa na misumari. “Tulipoanza, bati lilikuwa kwa matajiri,” alisema. “Mbao ikioza, ng'oa, tia nyingine. Bati huoza kwa ndani likikuchekea.”

Nilikuwa nakaa Al-Naseem, chumba kimoja na madereva wa nyumbani kutoka kwetu. Jioni walipanga foleni kunitaka niwakagulie magari ya marafiki zao waliotaka kununua. Nikawa mtu wa kuharibu furaha. Nikifika na sumaku yangu, muuzaji alikuwa ananuna kabla sijainama.

Ami Awadhi alipofariki, karakana ile haikukaa sana. Kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, alinihamishia kwa mwenye karakana mmoja wa Jeddah, Abu Nasir, mwenyeji wa Hijazi, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Nikapata chumba Ruwais, karibu na bahari, ambako unyevunyevu hula bati usiku na mchana. Kwa fundi bodi hiyo ni neema.

Abu Nasir sikumwelewa kwa muda mrefu. Riyadh bosi alipokasirika ulisikia. Huyu alikuwa anatabasamu, anakunywa kahawa, halafu kesho yake mtu hayupo. Nilijiwekea sheria: kumjibu kwa maneno machache na kutosimama naye peke yangu. Mtu wa karibu nami pale alikuwa Bahadur, Mnepali fundi wa kupaka rangi, ambaye hakujua Kiswahili wala Kiarabu cha maana. Tulielewana kwa vidole.

Sasa gari lenyewe.

Alikuja bwana mmoja wa mtaa wa Al-Safa aliyejiita Abu Rakan, na pikapu mpya, kichwa na chesisi. Alitaka boksi la bati lililofunikwa kote, lisilo na dirisha hata moja. Akasema ni la kusambazia nguo za dobi. Mlango mmoja tu nyuma, wenye kitasa nje na mahali pa kufuli. Ndani alitaka rafu mbili, moja kila upande, na kiyoyozi chenye bomba kutoka mbele.

Mpaka hapo sikuwa na neno. Kisha akanipa vipimo vya rafu.

Rafu ya nguo huiweka juu, ukaning'iniza, au chini kabisa, ukapanga vikapu. Hizi zilikuwa za kimo cha goti. Upana wake ulikuwa sawa na urefu wa paja la mtu mzima. Na juu ya plaiwudi alitaka sponji, na juu ya sponji ngozi ya plastiki.

“Sponji ya nini, baba?” nikamuuliza.

“Nguo za watu ni za thamani.”

“Nguo zilizokunjwa?”

Akaniangalia kama mtu anayeangalia bei. Akamgeukia Abu Nasir wakaongea Kiarabu cha haraka ambacho nilikielewa nusu. Abu Nasir akacheka kidogo.

Walipomaliza nikamfuata bosi ofisini, nikavunja sheria yangu mwenyewe.

“Bosi, lile si gari la nguo.”

“Ni la nini?”

“Watu watakaa mle. Hakuna dirisha, na mlango unafungwa kwa nje. Kiyoyozi kikizimika mchana wa Jeddah, hilo ni sufuria.”

Abu Nasir akaweka kikombe chini. “Barasa, wewe ni fundi au shurta?”

“Fundi.”

“Basi unda. Yalla.”

Nikarudi kwenye grenda nikiwa na hakika ya mambo mawili: kwamba Abu Rakan anasafirisha watu asiotaka waonekane, na kwamba bosi wangu anajua. Niliwawazia wafanyakazi wa nyumbani walioporwa paspoti, wanaopelekwa wasikokujua. Ningeenda kuripoti? Kwa nani, na ikama yangu, kibali changu cha kuishi humu, iko mikononi mwa mtu ninayemshuku? Na kama bosi angesema hajui lolote, ni nani angeaminiwa?

Nikaunda. Lakini chini ya rafu ya kushoto, karibu na mlango, nilitoboa tundu, nikapitisha kebo ya breki ya pikipiki nyuma ya plaiwudi hadi kwenye komeo la mlango. Kufuli lake lilishika kitasa tu. Komeo niliunda upya ili kebo ikivutwa lijifyatue lenyewe hata kitasa kikiwa kimefungwa. Ncha ya kebo nikaitia pete ya chuma. Ukiinama kutafuta ungedhani ni waya wa taa.

Tatizo likawa kuwaambia watakaopanda. Sikujua ni akina nani, na sikumwamini mtu yeyote wa kuwapelekea ujumbe. Ndipo nikakumbuka malori ya kwetu yalivyoandikwa kila mahali. Nikamwomba Bahadur rangi nyekundu na njano, nikachora maua ukutani kwa ndani, na katikati ya maua nikaandika kwa herufi kubwa za madoido:

UKIKWAMA VUTA PETE CHINI YA KITI

Abu Rakan alipokuja kukagua, alisimama mlangoni akiutazama ukuta.

“Hii nini?”

“Maneno ya kwetu, baba. Ya safari njema.”

“Mashallah,” akasema, akafunga mlango.

Lakini aliyetumwa kulichukua gari alikuwa kijana wa Eldoret aitwaye Kibet, dereva wake. Hilo sikuwa nimelitarajia. Huyu anasoma Kiswahili kama mimi. Alifungua nyuma, akaangalia ukuta muda mrefu, kisha akaniangalia mimi.

“Mtabeba nini humu?” nikamuuliza.

“Nimeambiwa nguo, mzee.”

“Na wewe unasema nini?”

“Mimi nimeambiwa nguo.” Akagusa herufi kwa kidole. “Rangi imekauka?”

“Imekauka.”

“Poa,” akasema, akaondoka nalo.

Siku nyingi nilingoja Abu Rakan arudi na pete mkononi. Kila gari jeupe lilipoingia uani niliweka grenda chini nikachungulia. Nilimshuku Kibet. Nilimshuku bosi, aliyeniuliza siku moja, bila sababu ninayoijua, kebo za pikipiki tunazitumia wapi. Nikamwambia kwenye vizibo vya matangi. Akatabasamu, akaenda zake.

Kiangazi kilipokolea, asubuhi moja bosi aliniita getini. Alikuwa na afisa wa shurta, polisi wa huku, kijana nadhifu mwenye simu mkononi. Niliyoyasikia pale ni haya: Kibet alisimamishwa Al-Safa na askari wa barabarani, leseni yake ikaonekana ina kasoro, akapelekwa kituoni. Gari likaachwa kando ya barabara, injini imezimwa. Baadaye mlango wa nyuma ukafunguka na wanawake wakamwagika juani. Watu wa nyumba ya jirani waliwaletea maji. Mmoja, Mhabeshi, alikuwa hajitambui. Alikuwa hospitali.

“Yuko hai?” nikauliza.

“Yuko hai,” afisa akasema. “Nani alitia waya ule?”

“Mimi.”

“Kwa nini? Gari ni la nguo. Tangu lini nguo zikahitaji kufungua mlango?”

Hapo ndipo nilipoona mtego nilioujenga kwa mikono yangu. Nikisema nilijua watapanda watu, nitaulizwa mbona sikuripoti. Nikisema sikujua, waya ni wa nini?

Nikasema, “Mlango unaweza kumfungia mpakiaji kwa bahati mbaya.”

Afisa akanionyesha simu. Alikuwa amepiga picha ukuta wangu wa maua, na simu ikamfasiria kwa Kiarabu. Akasoma polepole. “Ukikwama, vuta pete chini ya kiti.” Akainua macho. “Kiti. Hukuandika rafu.”

Neno moja. Nilichagua maneno yale nusu siku, nikapima yakae katikati ya maua, na hilo moja likanipita. Nilimtazama Abu Nasir. Nilijua kwamba sasa atasema: fundi huyu alifanya mwenyewe, mimi sijui. Ningekuwa yeye labda ningesema hivyo.

Abu Nasir akakohoa.

“Kiswahili cha mafundi hiki,” akasema kwa ile sauti yake ndogo. “Wao ubao wowote ni kiti. Na hiyo pete si ya gari hilo peke yake. Kila boksi linalotoka kwangu lina pete kwa ndani. Ni desturi ya karakana.”

Hatukuwa na desturi hiyo. Hapakuwa na boksi lingine lenye pete Jeddah nzima.

“Nionyeshe,” afisa akasema.

Uani palikuwa na gari letu wenyewe, boksi la zamani tunalobebea mabati. Abu Nasir alitembea mbele, bila haraka. Akafungua mlango wa nyuma. Chini, upande wa kushoto, palikuwa na pete ya chuma kwenye kebo. Akaivuta, komeo likafyatuka.

Afisa akachuchumaa. Akapitisha kidole kwenye riveti, kikatoka na vumbi jeupe la drili.

“Mpya hii.”

“Tunatunza vitu vyetu,” Abu Nasir akasema.

Afisa alimwangalia, akaniangalia, akapangusa kidole kwenye bati. Huko ndani mashine ya Bahadur ilikuwa ikipuliza rangi gari la watu wengine.

“Halas,” akasema mwishowe. Aliandika majina yetu, akatuambia tusisafiri, akaondoka. Abu Rakan ndiye aliyeshtakiwa. Sisi tuliitwa mara nyingine kutoa maelezo, kisha hatukuitwa tena.

Geti lilipofungwa niligundua kiganja cha bosi kimefungwa kitambaa, na kitambaa kina damu. Kebo ikikatwa vibaya nyuzi zake huchoma kama miiba. Fundi yeyote anajua. Mtu yule sikuwahi kumwona ameshika drili.

“Ulijua lini, bosi?”

“Pete? Niliiona kabla gari halijatoka. Unadhani sikagui kazi yangu?”

“Mbona ulininyamazia?”

“Na wewe mbona ulininyamazia?” Akaangalia kiganja chake. “Nilichukua kazi ya mtu yule nikijua si nzuri. Nilikuona umetia pete nikasema, alhamdulillahi, angalau mmoja wetu amefanya kitu. Jana jioni rafiki yangu wa kituoni alinipigia akaniambia watakuja.” Akaanza kurudi ofisini, akasimama. “Sasa zitie kweli, kwenye kila boksi. Sitaki kuwa mwongo mbele ya serikali.”

Nilifanya kazi kwa Abu Nasir hadi wiki niliyostaafu. Siwezi kusema tulikuwa marafiki. Lakini niliacha kupanga jinsi ya kutosimama naye peke yangu.

Kibet aliachiliwa akarudishwa nyumbani, na baada ya miezi ndiye aliyempa namba yangu mwanamke mmoja wa Machakos aitwaye Mbithe, aliyekuwa mle ndani siku ile. Alinipigia akiwa kwao. Nilimtambua ni mtu wa kusema bila kuzunguka.

“Ni wewe uliyeandika?”

“Ni mimi.”

“Basi nikwambie. Nilipoyasoma siku ya kwanza nilidhani ni mtego. Nikasema, wanataka kujua nani atajaribu kutoroka. Sikuwaambia wenzangu. Nilikaa na hayo maneno machoni wiki nyingi, tukipelekwa kufagia nyumba za watu, tukirudishwa. Na usidhani tuliibwa, mzee. Tulikuwa tumetoroka kwa matajiri wetu, ikama zetu zimeharibika, hata sisi tulipenda lisiwe na dirisha. Tuliogopa shurta kuliko lile boksi.”

“Na siku ile?”

“Kibet alipochukuliwa alipiga bati kwa kiganja akapaza sauti, ‘Someni ukuta!’ Hapo nikajua na yeye anajua. Bado nilisita. Nikawaza, tukitoka tunashikwa. Joto likaja. Almaz, yule Mhabeshi, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, halafu akanyamaza. Ndipo nikapiga magoti nikatafuta pete.” Alivuta pumzi. “Ilikuwa chini yake. Katikati ya visigino vyake. Kila siku alikaa hapo kwa sababu ni karibu na mlango. Mzee, yule mama alikuwa ameukalia mlango wake na hakujua. Mbona uliandika Kiswahili peke yake?”

Nilimuuliza hali ya Almaz, akasema alipona na kurudi kwao, ila tangu hapo halali chumba kilichofungwa. Tukaagana.

Mlifanyie kazi swali lake hilo la lugha, nyinyi mnaobaki, maana mimi nililifanyia kazi kesho yake. Tangu bosi aagize pete nilikuwa nikiandika maneno yale yale kwenye kila boksi; nikayafuta kwenye yote yaliyokuwa uani. Mahali pake nikachora mkono mwekundu ulioshika pete, na mshale. Niliutazama mchoro ule ukanipendeza, na kilichonipendeza huwa sikiamini. Kwa hiyo nikamwita Bahadur, ambaye hakuwa amenisaidia kuuchora, hajaonyeshwa pete ilipo, na hasomi lugha yangu hata moja. Nikamwonyesha kwa kidole aingie kwenye boksi la gari lililokuwa karibu kukabidhiwa mwenyewe. Akaingia akidhani kuna rangi ya kurekebisha. Nikafunga mlango, nikatia kufuli.

Nikasimama nje, ufunguo mkononi, sikio kwenye bati. Nikamsikia akigonga. Akaniita jina langu. Akanitukana kwa Kinepali, nadhani. Kisha kimya, na ndani ya kimya kile mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kufuli.

Komeo likafyatuka. Mlango ukanisukuma kifuani, na Bahadur akatoka, pete mkononi, amekasirika kweli.

Nikamwomba radhi kwa vidole. Kisha nikaenda kumwita bosi, nikamwambia gari liko tayari.